Gari la Tabo

Tangu lile gari lifike shamba la mbegu, nje kidogo ya Kilosa, Hezekia alikuwa hali chakula vizuri. Hakuwa mgonjwa. Alikaa mbele ya ugali, tonge mkononi, macho ukutani, na mkewe Letisia akajua kwamba mumewe yuko barabarani.

"Umefika wapi?" alimwuliza.

"Ndiyo kwanza naiacha Ulaya," Hezekia alijibu. Ulaya ni kijiji kwenye njia ya kwenda Mikumi.

"Kula basi. Utaanguka na njaa huko Ulaya, nani akuokote?"

Ulikuwa mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha. Sukari ilikuwa ya foleni, petroli ya kibali. Hezekia alikuwa dereva wa lori la shamba, lori kuukuu lililowashwa kwa kusukumwa na kusimamishwa kwa dua. Katika dhiki hiyo ndipo Mmarekani mmoja, mtaalamu wa mahindi ambaye watu wote walimwita Bwana Mbegu, alipoteremshiwa gari lake jipya bandarini Dar es Salaam akaja nalo mpaka Kilosa.

Lilikuwa gari la milango minne, rangi ya zambarau iliyoiva, la kampuni kongwe ya huko Amerika iliyozoea kuunda magari mapana ya wakubwa. Hili halikuwa la wakubwa. Lilikaa chini, pua mbele, kama paka anayenyatia. Nyuma lilikuwa na neno moja la herufi nyekundu, TURBO, na Bwana Mbegu alilitamka "tabo".

Siku moja alifungua boneti akamwita Hezekia aone.

"Gari ingine tupa moshi," alisema kwa Kiswahili chake cha kubomoka. "Hii hapana tupa. Moshi zungusha feni. Feni sukuma hewa ndani, moto kubwa. Wewe kanyaga. Ngoja kidogo. Halafu..." Akamsukuma Hezekia mgongoni kwa kiganja, Hezekia akapiga hatua mbele bila kutaka.

Kusukumwa hakukumshangaza. Kilichomwingia ni ile "ngoja kidogo". Lori lake ukilikanyaga linanguruma papo hapo, halafu haliendi popote. Hili ukilikanyaga linakusikia, linanyamaza, linawaza, ndipo linakuchukua. Katika ule ukimya mna nini? Alilala na swali hilo. Akaota yumo ndani yake, hakuna mlio, na milima ya Vidunda inajisogeza kando mmoja mmoja, kama watu wanaompisha mgeni kwenye benchi. Aliamka mguu wa kulia umekaza, umekanyaga godoro.

Mkataba wa Bwana Mbegu ulikuwa unakwisha, na gari lingepelekwa Dar lirudi melini. Hezekia alijikaza akamwomba aliendeshe, hata mara moja. Bwana Mbegu akafikiri, akasema, "Jumamosi. Wewe endesha mpaka Mikumi, rudi."

Hezekia hakuweza kulificha neno kubwa namna hiyo. Kwanza alimwambia mkewe.

"Gari la tabu?" Letisia aliuliza.

"La tabo."

"Tabu zimejaa humu ndani, na bado umetafuta ya kuendesha."

Kisha akalitangaza sokoni Magomeni, mtaa wa pale pale Kilosa, na hapo akamkuta Perpetua. Baba yake Perpetua alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, na Hezekia alikuwa Msagara. Hao ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako atakutukana mbele ya kasisi, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa.

"Babu zako walikuwa wakisikia msafara wanakimbilia mlimani," Perpetua alisema. "Leo mjukuu wao aendeshe gari la Mmarekani?"

"Walikuwa wanawakimbia babu zako waliokuwa wananuka jasho la mizigo."

"Jasho hilo lilifika pwani. Lako limefika wapi?" Watu wakacheka. "Sikiliza, Msagara. Jumamosi tunalima shamba la ujamaa kule Masanze, kando ya barabara. Nitasimama nikuone. Usipopita umeshika usukani, mimi na Magomeni nzima tutajua wewe ni mwongo."

"Nitapita nao, na nitakupigia honi mpaka jembe likuponyoke."

Jumamosi ilifika. Hezekia alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa, akashika usukani kwa ncha za vidole kama anashika yai. Bwana Mbegu akakaa pembeni yake. Wakatoka Kilosa taratibu, maana barabara ilikuwa ya udongo, imejaa makorongo, na gari lile liligusa chini kila lilipoona tuta.

Kabla ya kufika shamba la Masanze alianza kupiga honi. Watu wakainua vichwa. Perpetua akatupa jembe, akakimbia mpaka ukingoni, upande wa kulia wa barabara, na wengine nyuma yake.

Sasa, lipo jambo moja Hezekia alikuwa amelizoea mno kiasi cha kulisahau. Gari la Kimarekani lina usukani upande wa kushoto. Hapa kwetu dereva hukaa kulia, na kushoto ni kiti cha utingo, yule anayeshuka kusukuma na kutia jiwe chini ya tairi. Na kulia, siku hiyo, alikuwa amekaa Bwana Mbegu na mwili wake wote, kofia kichwani, amekunjua ramani ya njia na kuishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Aa! Utingo!" Perpetua alipiga kelele. "Mzungu anaendesha, yeye kapakiwa! Shuka, utingo, tia jiwe!"

"Utingo! Utingo!" shamba zima likaitikia, majembe juu.

Hezekia aliinua mkono kuonyesha usukani, lakini wao waliona mtu anayepunga mkono. Vumbi likawafunika.

"Wao sema nini?" Bwana Mbegu aliuliza.

"Wananisalimia," alisema Hezekia, uso unamwaka. "Tukirudi nitasimama pale. Kuna mtu atakuja kuushika usukani huu kwa mkono wake."

Njia nzima alipanga maneno. Atasimama polepole, atafungua mlango, atasema karibu, mama. Waliipita Ulaya asiione. Gari nalo lilikuwa likijikokota juu ya mawe, na tabo haikuamka hata mara moja.

Mikumi walikuta pampu imefungwa kwa mnyororo. Mwenye kituo alisema petroli haitakuja kabla ya wiki ijayo. Bwana Mbegu akainama akatazama sindano ya kipimo cha petroli, akakuna shingo.

"Petroli kidogo," alisema. "Moja tu. Lami, kanyaga tabo, ama Kilosa. Mbili hapana. Kama lami, gari nabaki hapa, mtu ya Dar chukua. Sisi rudi na lori ya mtu." Akajiegemeza kitini. "Leo wewe dereva. Wewe sema."

Walikuwa wamesimama njia panda. Nyuma yao ilikuwa barabara ya udongo, Masanze, Perpetua na watu wote wa Magomeni. Akirudi na gari, ataaminiwa mpaka kufa kwake. Akirudi juu ya magunia ya watu, hata Letisia atamtazama mara mbili. Mbele yao lami ilikatiza nyeusi, upande wa kushoto imenyooka kuingia mbugani, na joto lilikuwa likicheza juu yake kama maji.

Hezekia alizima injini. Akafuta viganja kwenye suruali.

Kisha akawasha, akakata kushoto, kuelekea mbugani.

Nyumba za Mikumi zikaisha. Nyasi zikaanza pande zote mbili, na mikumi yenyewe, miti mirefu kama minazi, imesimama mmoja mmoja, vichwa juu, haina haraka na mtu. Hezekia alinyoosha mguu akakanyaga.

Gari likanyamaza.

Ulikuwa muda mdogo sana, lakini yeye aliingia ndani yake na kukuta nafasi. Hakukuwa na honi wala kicheko. Hakukuwa na lori wala foleni. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyevuta pumzi na bado hajaamua kuitoa. Mahali fulani chini ya miguu yake kitu kilianza kupiga mluzi mwembamba, unaopanda.

Kisha likamchukua. Mgongo ukazama kitini, lami ikawa inanywewa na boneti, milima ikaanza kusogea. Akasikia mtu anacheka kwa sauti, akadhani ni Bwana Mbegu, kumbe ni yeye mwenyewe.

Waligeuza mbali kule ndani, wakarudi taratibu, sindano imelala. Gari likakata pumzi kabla hawajaiona Mikumi, likaserereka mpaka kando ya barabara na kusimama lenyewe.

"Sasa?" Bwana Mbegu aliuliza. "Wewe ambia watu nini?"

Hezekia alitafuta neno la kuwapelekea, akalikosa. Hakulihuzunikia. Alibaki ameshika usukani, akisikiliza injini ikipoa, tik, tik, na hakutaka lori lolote litokee mapema.