Mstari wa Pili Kifuani mwa Rashad

Jalila wa Magongo ndiye aliyenihadithia haya, mfungo sita uliopita, tukichambua mchele wa maulidi. Yeye na Mastura ni majirani, ukuta kwa ukuta, na si mtu wa kutia chumvi.

Jumatatu moja asubuhi Mastura alimpeleka mumewe Rashad kliniki, kama desturi yao tangu warudi India alikobadilishwa moyo. Moyo aliopewa ulikuwa wa mwanamke. Vivian, binti wa mashine ya kupima moyo, alimbandika nyaya kifuani, karatasi ikaanza kutoka.

"Mzee, moyo wako bado una mwendo wa kina mama," Vivian alisema. "Ukipiga, unachelewa kidogo kuwa tayari kupiga tena."

"Ndiyo maana nachelewa msikitini," akasema Rashad.

"Ulikuwa ukichelewa hata na ule wako," akajibu Mastura.

Chini ya mstari wa moyo palikuwa na mstari mwingine, unaojikwaa. Vivian akakagua nyaya, zilikuwa sawa. Akamwomba Mastura atoke nje, mstari ukafifia. Akamwita ndani, ukarudi.

"Huu wa chini ni wako, mama."

Mastura hakubisha. Tangu mwaka juzi kifua kilimbana, maumivu yakapanda hadi taya, na kila alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni mawazo, akapewa dawa ya tumbo. Mioyo miwili ya kike ikilala chumba kimoja huzoeana, na huo wa Rashad ulikuwa ukisema aliyoyanyamazia mwenziwe.

Daktari aliutazama mstari wa pili, akakunja uso. "Hii ni hatari. Asibebe kitu, asipande ngazi. Alale tu."

"Ni wa mkewe, daktari," Vivian akasema.

"Naona. Lakini mashine amefungwa mzee."

"Basi nifunge mimi," akasema Mastura.

"Wewe mama umechoka tu."

Habari kwamba Rashad ameamriwa kulala zilifika Magongo kabla yao. Watu wakaja kumzuru mgonjwa: wa msikitini, wa bandarini alikofanya kazi, Bi Tumu na wajukuu zake. Mgeni hanyimwi chai, na mchana ukifika haachwi aondoke na njaa. Mastura akakuna nazi, akapika, akapandisha ndoo za maji hadi ghorofa ya pili. Kila alipoinua ndoo, Rashad kitandani alishika kifua.

"Maskini, amezidiwa," wageni walisema, wakakaa zaidi wasimwache peke yake.

"Mwacheni Mastura aketi," Rashad akawaambia. "Anayeumwa ni yeye. Mimi naletewa habari tu."

"Mwaona mume huyo?" akasema Mzee Mwinyihaji, mmoja wa wale wa msikitini. "Yu hoi, na bado amwonea huruma mkewe." Akaomba kikombe cha pili.

Rashad akainuka kuishika ndoo. Wanaume wanne wakamrudisha kitandani kwa upole.

Kliniki iliyofuata mstari wa pili ulikuwa umeharibika zaidi, na daktari akamwongezea Rashad siku za kulala. Vivian alimkatia Mastura kipande cha ile karatasi aende nacho hospitali nyingine. Huko wakamuuliza ni cha nani.

"Ni changu. Kimetokea kifuani mwa mume wangu."

Walimwamini bila shida. Wakamwambia basi amlete mume.

Aliporudi alikuta wageni wa Utange, waliokodi gari. Akawapikia. Walipoondoka akaosha vyombo, akajilaza kando ya mumewe na kanga yake kichwani. Hata alasiri haijaadhiniwa, usingizi ukamchukua.

Mlangoni pakapigwa hodi. "Hodi wenyewe! Tumekuja kumwona mgonjwa."

Rashad hakuitika, asije akamwamsha mkewe. Kifuani mwake mioyo yote miwili ilikuwa ikienda polepole. Aliwasikia wageni wakivua viatu, wakiketi ngazini, wakiambiana si neno, watangoja, Mastura hakosi kuamka awawekee chai. Naye Rashad akafumba macho, akalala.