Unga wa Mama Daimu

"Kuku wako hawana adabu kwa sababu wamelelewa na wewe!" Zuhra alifoka, fagio mkononi. "Mahindi nimeloweka siku tatu, nimeyaanika leo, wao wanakuja kujilia kama walioalikwa harusini!"

"Mama Daimu, kuku hajui mpaka," Bernadina alijibu toka uwanjani kwake, mikono kiunoni. "Na wewe unga wote huo wa nini? Juzi umetoka mashineni, leo unaanika tena. Unangoja msiba?"

Wanawake waliokuwa bombani waliangua kicheko. Zuhra hakucheka.

"Msiba haupigi hodi, Mama Eva. Siku ukiingia kwako, unga huuhuu utautafuta."

Wakaachana hivyo, kila mmoja akasonya na kurudi kwake. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na mtaa mzima wa Ruhuwiko, pale Songea, ulijua kwamba Evaline, binti pekee wa Bernadina, alikuwa njiani kutoka chuoni Njombe. Walijua kwa sababu Bernadina aliwaambia: muuza nyanya, fundi cherehani, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Alfajiri Eva alituma ujumbe: "Mama nimepata siti ya dirishani." Ujumbe huo nao aliuonyesha watu.

Saa saba, redio ilipotoa habari, alikuwa anachambua dagaa wa Nyasa. Basi lililokuwa likija Songea limeacha njia na kupinduka jirani na Madaba. Kuna vifo, idadi bado.

Sinia likamponyoka.

Alipiga simu. Namba unayopiga haipatikani. Akapiga tena, akapiga mpaka yule dada wa mtandaoni akawa kama jirani mwingine anayemjibu kwa kiburi. Kwenye kundi la simu la jumuiya yao ya sala picha zilikuwa zimeshaanza kumiminika: magurudumu yakitazama mbingu, viatu barabarani. Chini yake watu wameandika "Mungu awapokee." Bernadina alizijua picha za namna hiyo. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzisambaza. Habari ya ajali ikifika Ruhuwiko, imepita kwake. Jumamosi ngapi aliketi jumuiyani, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Na tuwaombee wale wa basi," kisha akauliza kama maandazi yamebaki? Wale wa basi. Hakuwahi kujiuliza kama walikuwa na mama.

Na yale maneno ya bombani! Unangoja msiba? Nani alimtuma? Alijipiga kibao mdomoni.

Hakumwambia mtu. Aliona akilitamka jina la mwanawe pamoja na habari ile, vitashikana. Wala hakuahirisha jumuiya, iliyokuwa zamu yake kuipokea nyumbani siku hiyo, maana kuahirisha kungekuwa kukiri. Ila saa kumi watu walipofika na rozari zao, sebule ilimbana.

"Baba mwenyekiti," alimwambia mzee Fidelisi, "naomba leo tusali nje. Ndani joto."

Joto gani, na ilikuwa Juni? Mzee alimtazama, akainua kiti chake. Viti vikatolewa, vikapangwa uwanjani mstari kwa mstari.

Walipofika fumbo la tatu, Bernadina aliinua macho, akamwona Zuhra anaingia. Kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu, kichwani ndoo ya unga, uso chini. Nyuma yake Nassoro, mumewe, na mzigo wa kuni begani. Wakatua mizigo yao kando ya jiko.

Mwanamke uliyegombana naye asubuhi hakuletei unga jioni ila kwa jambo moja tu.

"Umesikia nini?" Bernadina alisimama. "Zuhra, nani amekwambia? Sema!"

"Pole, mwenzangu," Zuhra alianza kulia. "Nimeona viti uwanjani, nikajua ni msiba…"

Bernadina hakusikia neno la viti. Alianguka. Zuhra alimdaka, akasaidiwa na mwanamke mwingine kumkokota hadi ndani, wakamlaza kwenye mkeka. Nje rozari ilikatika katikati ya Salamu Maria. Wanaume wakakaa kimya, kofia magotini, kila mtu akimwuliza mwenzake kwa macho nani amekufa. Ndani, Bernadina alikuwa akisema na Mungu bila adabu yoyote: mmoja tu, nilikuomba wangapi mimi, ulinipa mmoja tu.

Ndipo bodaboda iliposimama nje na sauti ikapasua uwanja.

"Mamaaa! Mama yangu jamani! Nani ataniita mwanangu?"

Zuhra aliacha kumpepea. Bernadina akafumbua macho. Mlangoni alisimama Evaline, vumbi hadi kwenye nyusi, begi limeanguka, analia kama aliyefiwa, maana aliona viti nje, kuni na watu kimya, akajua ni mama.

Walishikana wakaanguka pamoja. Nje mzee Fidelisi alianza kucheka, akaona haya, akajifuta macho.

"Tulikuwa basi la nyuma," Eva alisema baadaye. "Barabara ilifungwa, tukashuka kusaidia. Simu ilizima chaji, na namba yako, mama, siijui kwa kichwa." Mkono wa sweta lake ulikuwa na damu iliyokauka, si yake. "Nilimshika dada mmoja. Alikuwa anaomba maji. Hatukuwa na maji, mama."

Bernadina aliutazama ule mkono. Akatoka nje. Watu walikuwa wameshaanza kurudisha viti, wakitaniana kwa nafuu. Akawazuia.

"Viache kwanza. Kuna nyumba leo viti havirudi ndani. Tumalizie rozari, na huyo dada tumtaje. Eva, ulilijua jina lake?"

"Alisema anaitwa Natalia."

Wakasali. Zuhra alingoja pembeni, mikono kifuani. Ilipokwisha alifungua kanga yake kiunoni, akaiendea ndoo yake polepole, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Iache hapo," Bernadina alisema. "Maji yameshachemka."

"Kuku wako wakimaliza yale mahindi, unga mwingine hautakuwepo," Zuhra alijibu.

"Mama Daimu, dagaa wapo, unga ni wako. Ingia ndani ule."