Sufuria Iliyorudi Imejaa

Jumapili ya kwanza sombe yake, kisamvu cha mawese, iliporudi nzima kutoka meza ya kanisani, Évariste alidhani chumvi imezidi. Alifika nyumbani Hagsätra, kituo cha mwisho cha treni, akafunua sufuria, akaonja kwa kidole. Chumvi ilikuwa sawa. Samaki wa moshi alikuwa amelainika, mawese yamekolea. Jumapili ya pili akapika tena, na watu wakapita mbele ya sufuria yake, sahani mkononi, kama wanaopita mbele ya duka lililofungwa. Hapo akaelewa.

Kosa lilikuwa lake, au labda la mchungaji. Ni mchungaji aliyemsimamisha mbele ya kanisa ili aombewe, kijana wao anayesomea udaktari wa hesabu chuoni kule Flemingsberg. "Hebu tuambie, baba, ni hesabu za nini hizo?" Évariste akaeleza kama anavyoeleza kazini. Alisema anatengeneza mji wa kubuni ndani ya kompyuta, mji wa wanaume wanaolala na wanaume wenzao. Wanakutana, wanaachana, wengine wanapima, wengine hawapimi, naye anatazama virusi vya UKIMWI vinapita wapi, na vidonge vya kinga wakipewa akina nani ndipo njia itazibika. Aliyasema yote kwa Kiswahili kizuri. Hakuna aliyeitikia amina.

Hakuna pia aliyemwambia neno baya. Waliacha tu kupakua kwake. Akina mama wengi pale walikuwa wanatunza wagonjwa na wazee, wanajua fika kwamba ugonjwa ule haukai kwenye sombe. Hata hao walipita.

Angeweza kuacha kupika. Lakini wiki nzima alikaa na skrini, na meza ile ya baada ya ibada ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo watu walimwita kwa jina bila kulikosea. Na kulikuwa na jambo ambalo hakulieleza kanisani wala kazini: yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaume wale. Tofauti ni kwamba wale wa kwenye kompyuta walikuwa wanakutana.

Jumatano moja jioni mlango ukagongwa. Alikuwa Zachariah, mpiga kinanda wa kanisa, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, kuna chakula?"

"Kuna sombe tu."

"Ndiyo niliyoifuata."

Alikula kwa mkono, haraka, bila kuinua macho. Tonge la mwisho alilishika muda mrefu.

"Ule mji wako wa kompyuta. Mimi nimo?"

Évariste alimtazama. "Wewe mwenyewe humo. Watu kama wewe wamo."

"Wanafanya nini?"

"Wanajificha. Kundi lao nimeliita wasiofikiwa. Nikigawa kinga kwa wengine wote nikawaacha hao, maambukizi yanapungua kidogo tu. Nikiwafikia hao, mstari wa maambukizi unashuka mji mzima."

"Basi nifikie. Nipe hivyo vidonge."

"Mimi ni mtu wa hesabu, ndugu yangu. Vinatolewa kliniki. Wanapima damu kwanza, kisha wanakuandikia."

Zachariah akacheka, cheko kavu. "Kiswedi changu unakijua. Kliniki wataita tolk, mkalimani wa kwenye simu. Na tolk wa Kiswahili ninayemjua mimi ni nani? Mama Gladness wa pale kanisani! Nimwambie yule mama anitafsirie nimelala na nani?"

Évariste naye alishindwa kujizuia, akacheka. "Omba wa Kifaransa. Tena sema unataka wa mji mwingine."

"Kifaransa changu ni cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Kinatosha."

Mlangoni, Zachariah akiwa ameshavaa koti, aligeuka. "Na wewe, kaka? Ni mwenzetu?"

Alitaka kusema ndiyo. Uso wa kijana ulikuwa wazi kabisa mbele yake, mawese bado yakimeremeta mdomoni.

"Mimi nahesabu tu," Évariste alisema.

"Haya." Zachariah akafunga zipu mpaka kidevuni. Lifti ikamshusha.

Jumapili meza ikaandaliwa kama kawaida. Mama Gladness alikuwa anagawa vijiko, sauti yake imejaa ukumbi.

"We Zachariah! Jumatano nimekuona unashuka Hagsätra. Ulimfuata nani kule mwisho wa reli? Au umeenda kuonja kisamvu cha Profesa?"

Watu wakacheka. Sahani ya Zachariah ikabaki hewani. Sentensi moja tu kutoka kwake, nimekula na ni kitamu, na upawa ungeingia kwenye sufuria ile. Kwa wiki nyingi Évariste alikuwa ameitamani sentensi hiyo itoke kwa yeyote. Lakini swali lingine lingefuata, kisha lingine, na kijana alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

"Mimi ndiye niliyemwita, Mama," Évariste akasema. "Kabati lilikuwa zito, nikataka anisaidie kulisogeza. Nikamkaribisha chakula, akakataa."

"Ana akili huyo!"

Kicheko kikapasuka. Zachariah alicheka kuliko wote, akaipita sufuria ya Évariste, akajipakulia wali.

Baadaye Évariste alikuwa jikoni mwa ukumbi akifunga kifuniko kwa kitenge. Zachariah akaingia na vikombe, akafungua bomba mpaka mwisho. Alisema akiwa ameelekea kwenye sinki.

"Nimepata siku kliniki. Alhamisi. Tolk wa Kifaransa, yuko Malmö, mji wa mbali."

"Vizuri sana." Maji yalikuwa yanapiga kelele. "Zachariah, lile swali lako la mlangoni..."

Visigino vya Mama Gladness vikasikika kwenye korido. Zachariah akafunga bomba, akatoka na mikono inayochuruzika maji.

Kwenye treni ya kurudi, Évariste alipata kiti dirishani. Hakuna aliyekaa karibu naye. Sufuria ilikuwa bado ina joto. Aliishikilia mapajani, kwa mikono miwili, mpaka kituo cha mwisho.