Saa ya Ukutani, Rusumo

Jumanne ile moyo ulinienda mbio kuliko siku niliyoolewa, na sitanii. Mimi ni Eustakia, napika chakula hapa Rusumo, mpakani, na madereva wa malori wananijua kwa maharage yangu na kwa mdomo wangu.

Leonsia, mtoto wa kaka yangu Gidioni, alikuja kwangu na kompyuta yake kufanyiwa usaili kwa mtandao. Chuo kimoja cha Seoul, kule Korea, kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha uchumi na usalama wa Asia Mashariki: nani anamuuzia nani, nani anamwogopa nani, na kwa nini wanaoogopana bado wanauziana. Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea mpaka akapata udaktari. Kwao Nyarubungo mtandao unakuja na kuondoka, lakini hapa kwangu minara ya simu ni mingi. Vyuo vingine vilishamkataa, na kaka yangu alikuwa amechoka. Alimwambia wazi kwamba hii ikishindikana, basi hayo ya Wakorea yaishe, arudi asimamie duka la mbolea. Leonsia alilia siku hiyo, na mimi nilikuwepo.

Usaili ulikuwa saa nne asubuhi. Nilimwacha anapiga pasi blauzi, nikaenda sokoni kutafuta ndizi. Narudi, namkuta ametulia mezani na chai yake. Nikatazama saa yangu ya ukutani. Saa nne na dakika tano.

"We mtoto, usaili haujaanza?"

"Bado, shangazi. Ni saa tatu tu. Saa yako inakimbia, tangu jana nilitaka kukwambia."

"Saa tatu ya wapi?"

Akanionyesha simu. Saa tatu na dakika tano. Sisi wa hapa tunajua kwamba simu ikikaa karibu na mto huu wa mpakani inanasa mnara wa ng'ambo, na wenzetu wa Rwanda wako nyuma yetu kwa saa nzima. Inajirudisha yenyewe bila kumuuliza mtu. Ndiyo maana nilitundika ile saa, maana madereva walikuwa wanagombana kila asubuhi nani kachelewa. Huyu kakaa Dar es Salaam miaka, kasahau.

"Hiyo ni saa ya Rwanda, mwanangu. Wakorea wako wanakusubiri."

Chai ikamwagika. Kompyuta nayo ikaamua kuwaka polepole, nikaiambia kwa Kihangaza maneno ambayo nisingeyasema mbele ya padri. Hatimaye nyuso tatu zikatokea, zote zimekunjwa. Mzee mmoja mwenye mvi akasema jambo fupi. Nilidhani ataomba radhi yaishe. Wapi. Akanigeukia.

"Shangazi, naomba uitoe hiyo saa ukutani, uilete hapa."

Nikapanda kiti. Nikaja na kanga yangu ya jikoni, nikaiinua saa mbele ya maprofesa wa Seoul. Yeye akainua simu yake kando ya saa, nao wakaona tofauti. Halafu akaanza, na mtoto yule akianza mada yake hashikiki. Kiingereza changu ni cha kuuzia chai, lakini baadaye alinitafsiria yote.

Aliwaambia kwamba mwaka 2015 Korea Kaskazini ilirudisha saa zake nyuma kwa nusu saa. Kwenye mpaka wa Korea hizo mbili kulikuwa na viwanda, mtaji wa Kusini na wafanyakazi wa Kaskazini. Watu wa Kusini walipofika asubuhi kwa saa yao, wakasubirishwa langoni, maana kwa saa ya Kaskazini muda ulikuwa haujafika.

"Nimeandika sura nzima juu ya lango lile," akasema, "na leo limenifungia mimi, kwenye mpaka wa nyumbani. Nimechelewa, naomba radhi. Lakini sasa nalielewa kuliko nilipokuwa naandika."

Yule mzee akasogea karibu na kioo. "Sasa ipi ndiyo saa sahihi?"

"Zote mbili. Hapa malori yanapita kila siku kwa sababu kila mtu anajua mwenzake anafuata saa ipi. Hatari inaanza pale mtu anapodhani saa yake ndiyo ya wote. Kama mimi asubuhi hii."

Mikono inaniuma, na kuishusha saa naogopa. Kisha mama aliyekaa katikati akacheka, mzee akaanza kuandika, na maswali yakamiminika mpaka maharage yangu yakaungua. Dereva Nshimiyimana alilalamika. Nikamwambia ale hivyo hivyo, mwanangu yuko Korea.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Leonsia alisoma mstari wa kwanza, akakaa chini, sakafuni kabisa.

"Wamenichukua, shangazi."

Nilipiga vigelegele mpaka askari wa mpakani akaja kuuliza kuna nini. Furaha ilinijaa hadi nikakosea namba ya kaka yangu mara mbili. Nilipompata, nikamwambia. Nikajiandaa kumtukana akinitajia mbolea.

"Eustakia," akasema Gidioni, "huko Korea sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikampa Leonsia simu amjibu baba yake.