Uchovu wa Meliton

Asubuhi ya safari yake ya kwanza Satuka alifika kwenye mizani ya kupimia mizigo kabla ya mpagazi mwingine yeyote, amevaa sketi mbili kwa ajili ya baridi na katambuga mpya za tairi la lori, furaha imemjaa hadi kooni. Kwa muda mrefu mama yake, Gumersinda, alimkataza kazi hiyo. Baba yake, Meliton, alifia kwenye mlima huohuo akiwabebea watalii mahema yao. Kampuni ya utalii ilisema ulikuwa moyo: mzigo ulikuwa kilo ishirini kama sheria inavyotaka, ila moyo wa marehemu ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Gumersinda hakuamini hata siku moja. Lakini wanasema moyo mbovu hurithiwa, na binti alikuwa naye mmoja tu. Mwaka huu kampuni ilipoanza kuchukua wanawake, Satuka alimsumbua mama yake mpaka akasalimu amri.

"Nenda," Gumersinda alimwambia, huku akiwatupia majani simbilisi waliokuwa wakikimbizana jikoni. "Lakini waulize waliokuwepo. Nataka kujua baba yako alibeba nini siku ile. Sitaki zawadi nyingine."

Mnyapara wa wapagazi alikuwa Fortunato, binamu ya marehemu, mtu wa maneno mengi ambaye shavu lake moja lilikuwa limetuna majani ya koka aliyoyatafuna saa zote. Aliutazama mzigo wa Satuka, kisha akamtazama mwenyewe kuanzia kofia hadi katambuga.

"Ukianguka huko juu nitakubeba mimi, mwanangu, na mimi nina mgongo mbaya."

"Usijali, baba mdogo. Nitakubeba wewe."

Eleuterio, mpishi wa msafara, alicheka karibu aangushe trei ya mayai. Safari ikaanza.

Njia ilipita taratibu kwenye mashamba ya viazi, halafu ikaacha utani. Satuka alipanda akicheka peke yake. Theluji ya kilele iling'aa mbele yake, karibu kiasi cha kutaka kuilamba. Watalii, ambao kila mmoja alikuwa na fimbo mbili na chupa ya maji basi, walimpigia makofi alipowapita. Kila baada ya muda aliusikiliza moyo wake, akaukuta unaendelea na kazi yake.

"Baba mdogo," alimwuliza Fortunato walipopumzika, "baba alibeba nini siku ile?"

"Kilo ishirini. Niliufunga mzigo kwa mikono yangu."

Kila anayevuka kipito cha Pumakasa, kule juu mlimani, huokota jiwe chini, kwenye kijito, akapanda nalo mkononi. Akifika juu hulipulizia uchovu wake, akaliweka kwenye rundo lililoanzishwa na Wainka, kisha akashuka upande wa pili akiwa mwepesi. Renzo, mwongozaji kutoka Cusco, alikuwa amewaambia watalii, na wote walikuwa na mawe yao mfukoni. Satuka alisahau kabisa. Alikuwa na haraka ya kuona upande wa pili. Kwa hiyo alipofika juu aliinama, akachukua jiwe bapa kwenye rundo lenyewe, akalipulizia.

Jiwe lina nafasi ya uchovu wa mtu mmoja. Wa Satuka ulipoingia, uliokuwemo ulilazimika kutoka. Ulitoka umepinda mgongo, na kofia ya sufu yenye masikio na katambuga zilizolika visigino, ukaketi kando ya njia ukihema. Ulikuwa uchovu wa baba yake. Meliton aliuacha pale siku ya mwisho, muda mfupi kabla hajaanguka, na ndiyo maana wote waliomwosha walisema hawajapata kuona maiti iliyopumzika namna ile.

"Jiwe la rundoni haliguswi," Eleuterio alisema. "Mtoto wewe hukufundwa?"

"Nilipitiwa."

"Haya basi, msalimie baba yako. Usisimame tu."

Satuka alipiga magoti, akamshika mikono. Ilikuwa ya baridi, imejaa sugu, na hakuna kitu alichowahi kukishika kikamfurahisha hivyo.

"Baba, ni mimi, Satuka."

Uchovu ulimtazama sana. "Umekua," ulisema. Kisha ukaangalia mawingu. "Twende. Mvua ya mawe haiko mbali."

Ulisimama, ukapiga hatua, ukaanguka kifudifudi. Wakauinua, ukaanguka tena. Wapagazi walielewa upesi, kwani nao migongo yao ilikuwa hivyohivyo: mtu aliyeinamia mzigo, mzigo ukikosekana, huangukia pua. Satuka alivua mzigo wake akamtwika. Haukutosha. Eleuterio akaongeza sufuria zake na gunia la viazi. Bado uliyumba. Wakaongeza hema la kulia chakula, kisha mtungi wa gesi, kisha viti vya kukunja, na kila kilipoongezwa mgongo ule ulipungua kuyumba kidogo. Fortunato ndiye aliyekuwa akifunga kamba. Hakuna aliyemwambia afunge wapi. Walipoweka meza ya watalii juu ya vyote, uchovu wa Meliton ulitulia wima kwenye miguu yake, ukavuta pumzi, ukaanza kutembea kwa mwendo mzuri kabisa.

Wapagazi waliuhesabu kwa macho. Ulikuwa mzigo wa watu wawili, na wa pili hakuwa mtu mdogo.

"Siku ile kijana mmoja aliugua," Fortunato alisema mwishowe, akihamisha koka kutoka shavu hili kwenda lile.

"Na kilo ishirini?"

"Hizo zilikuwa za kwenye mizani."

Hasira ilimpanda Satuka mpaka masikio yakamwaka. Lakini baba yake alikuwa ameshatangulia kushuka, na hasira haiwezi kumshinda mtu ambaye anataka kumwahi baba yake. Alimkimbilia. Nyuma yao watalii walikuwa wakipiga picha na kushangilia, na Renzo aliwaeleza kwamba huo ndio ukarimu wa watu wa milimani.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kupita kiasi. Satuka alitembea ubavuni mwa uchovu wa baba yake akipiga soga bila kumeza mate: bati jipya, ng'ombe aliyezaa mapacha, jinsi mama alivyomkataa mgane wa ng'ambo ya mto aliyekuja kuposa. Uchovu ulisikiliza, na mara kwa mara uliuliza kama kamba zimekaza. Kijijini Wailapata wanawake waliokuwa wakifuma uani waliinua macho.

"Meliton, umechelewa," mmoja alisema. "Pombe yako imechacha."

"Leteni hivyohivyo," uchovu ulijibu, ukamwaga kidogo chini kwa ajili ya ardhi, ukanywa kilichobaki umesimama, kwa sababu kwa mzigo ule kukaa kungekuwa na gharama. Wanawake walimcheka, wakamwambia bado hana adabu. Satuka naye alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Kwenye kituo cha ukaguzi afisa aliupima mzigo, akapima tena. Akafungua kitabu cha sheria, akasoma akifuatisha mistari kwa kidole.

"Umezidi sana," alisema. "Ila hapa wameandika mpagazi. Huyu si mpagazi, ni uchovu wa mpagazi. Sheria haimtaji."

Akawagongea muhuri, akawatakia safari njema.

Walifika Intirakay jua likiwa limewaka kotekote. Magofu ya Wainka yalikuwa yametandazwa chini yao, nyumba zisizo na paa na mashamba ya ngazi yakishuka hadi kwenye mawingu, na Satuka alipiga kelele kama watalii, bila aibu. Hakuwahi kufika. Baba yake alifika mara nyingi, lakini alimwambia kwamba kwa kawaida alikuwa akitazama miguu yake.

Walipoushusha mzigo, uchovu ulianguka kifudifudi papo hapo. Satuka aliuinua, akaukumbatia kiunoni, akajaribu kuutembeza hivyo kuelekea barabara ya nyumbani, lakini kila hatua uliteleza.

"Mwache hapa, mwanangu," Fortunato alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Jumanne tuna kundi jingine, linaanzia hapa. Nyumbani atabeba nini?"

Gumersinda alikuwa akimenya viazi binti yake alipoingia.

"Nasikia baba yako yuko huko. Ulimwona?"

"Nilimwona. Yuko kazini."

"Alibeba nini siku ile?"

Satuka alimweleza vyote, kuanzia sufuria hadi meza. Gumersinda alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo haukuwa moyo."

"Haukuwa moyo, mama."

Asubuhi Gumersinda alivaa kofia yake ya kwendea kanisani, akapanda gari la viazi hadi Cusco, akawaeleza ofisini kwa kampuni. Karani alikuwa mpole. Alimpa chai, akampongeza, akamwambia ni wanawake wachache ambao waume zao hurudi kazini baada ya kufa. Kuhusu moyo, faili lilikwisha kufungwa.

Alirudi, akafunga ncha moja ya kitanda cha mfumi kwenye mti na nyingine kiunoni mwake, akafuma ukanda mpana wa sufu ya mnyama alpaka, laini, wa kuvaa mabegani.

"Ile kamba nyembamba inakata," alisema. "Mfungie mwenyewe. Usimwachie Fortunato."

Jumanne ile Satuka alipanda mbio, kijito kimoja baada ya kingine, jiwe lake safari hii liko mkononi. Alimkuta baba yake Intirakay, ameketi kwenye kizingiti cha Wainka, anasubiri. Alimtwika mzigo wote, akamfunga ukanda wa mama yake kwa mafundo mawili, akaulainisha kwa kiganja chake. Uchovu wa Meliton ulinyoosha mabega, jambo ambalo hapakuwa na mtu aliyewahi kuliona.

"Wa leo mwepesi," ulisema.

Fortunato alikuwa akipita nyuma yao. Alisikia, akasimama, akaagiza uletwe mtungi wa pili wa gesi.