Mama Ndoo na Mayai Elfu Tisa

Jumapili mchana fundi wa kompyuta alikuwa nyumbani kwake, kompyuta mapajani, akiiendesha kompyuta nyingine iliyokuwa mwendo wa saa tano kwa basi. Hiyo ya mbali ndiyo iliyotawala mashine ya kutotolesha vifaranga, na ndani mlikuwa na mayai elfu tisa. Alishusha joto kidogo kujaribu king'ora. Kikalia, akakizima. Kabla hajalirudisha joto, mtandao wa pale nyumbani ukaanza kusuasua. Akafungua mipangilio auzime na kuuwasha upya. Akabofya "Zima."

Picha ikaganda. Mtandao wake mwenyewe ulikuwa bado unasuasua vilevile. Hapo akaelewa: alikuwa ameuzima mtandao wa kompyuta ya kule. Amekata tawi alilokalia, na joto linashuka.

Meneja wa kituo cha vifaranga hapatikani. Simu ya mlinzi inaita tu. Ikabaki namba ya mfanya usafi wa kule, waliyezoea kumwita Mama Ndoo.

"Shikamoo mama. Uko kazini?"

"Marahaba mwanangu. Napiga deki."

"Ingia chumba cha kompyuta, kuna mahali unibofyee."

"Hiyo kitu niliambiwa nisiiguse hata kwa kitambaa."

"Leo nimekuruhusu mimi. Lawama zote juu yangu."

Fundi akasikia ndoo ikiwekwa chini, kandambili zikiburuzika, mlango.

"Shika kile kidude chenye mkia, ukisogeze taratibu. Unaona mshale?"

"Nilikuwa nauona. Umekimbilia pembeni."

"Urudishe, mama. Pole pole. Hapo katikati pameandikwaje?"

Mama Ndoo hakuweza kusoma bila miwani; miwani ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa stoo. Akaifuata. Fundi akabaki na simu sikioni, jasho likimtoka kwapani, akihesabu dakika kama mgonjwa anayesubiri majibu. Kumi na moja zilishapita.

"Nimerudi. Pameandikwa 'Washa'. Nibonyeze?"

"Bonyeza mara moja tu."

Picha ikafufuka. Mshale ulikuwa ukicheza cheza wenyewe; mkono wa Mama Ndoo ulikuwa bado juu ya kile kidude. Kila fundi alipouvuta kwenye joto, ulimponyoka.

"Toa mkono, mama."

"Nimetoa."

Akarudisha joto. Akakaa akitazama namba zikipanda kidogo kidogo hadi zikatulia.

"Mwanangu, nimeharibu?"

"Hujaharibu, mama. Umeniokoa."

Jioni mume wa fundi alimshauri mkewe aseme umeme ulikatika, nani angejua? Fundi alimsikiliza, halafu akamwandikia meneja jambo lote lilivyokuwa, pamoja na kwamba Mama Ndoo aligusa kompyuta kwa amri yake. Siku nne alilala usingizi wa mang'amung'amu.

Alhamisi meneja akapiga. Vifaranga wametoka, mayai yaliyoharibika yamezidi ya kawaida, ila si mengi. Fundi akapewa barua ya onyo, na akaipokea bila kujitetea.

"Na Mama Ndoo?" akauliza.

"Yuko hapa," meneja akajibu. "Anataka afundishwe."