Mgeni wa Mwisho wa Yassini

Sisi watani hatuendi msibani kulia. Nilipofika kwa Yassini, Mikindani, nilivaa koti lake, nikavuta mguu kama yeye, nikawafokea waliokuja kuhani: "Nilipokuwa hai mlinipa salamu tu, leo mnamaliza wali wangu!" Marehemu alikuwa kuli wa bandarini, mkavu wa maneno kuliko mtu yeyote ninayemjua. Watu walivunjika mbavu, isipokuwa mjane wake.

Zulfa aliegemea ukuta, macho mlangoni. Tangu maziko hakuwa ametia kitu kinywani. Mimi sipendi kushindwa, nikaenda kukaa naye mkekani.

"Mtani, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Huyo uliyemwiga ni Yassini wenu."

"Kwani wako alikuwaje?"

Nilitamani kumdakia, maana mdomo wangu hauna breki. Nikajikaza, nikamngoja mpaka akaanza mwenyewe.

Kumbe kila jioni Yassini akitoka kazini hakuwa akiingia ndani moja kwa moja. Alipiga hodi. Zulfa akiuliza nani, alijibu kwa sauti ngeni: mara mvuvi wa Msimbati aliyepotea njia, mara mganga wa meno kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mara tajiri wa Kilambo anayetafuta mke wa pili. Zulfa alimhoji, mgeni akajieleza, wakacheka mpaka ugali ukapoa. Na sisi miaka yote tukimwita bubu!

"Siku ile nilikuwa nakaanga samaki, mafuta yakaniunguza," alisema. "Akapiga hodi. Nikamwambia, 'Ingia bwana, acha utoto.' Akaingia, akala, akalala. Asubuhi hakuamka." Akanishika mkono. "Alikuwa nani yule mgeni? Nataka kujua tu."

Nilimhurumia. Nikamuuliza alipigaje hodi, alikuwa amevaa nini. Alipiga polepole, akasema, na alikuwa amevaa kofia, yeye ambaye hakuivaa ila Ijumaa. Nilisikiliza mpaka aliponyamaza mwenyewe.

Siku ya kuanua tanga nilivaa tena lile koti, nikasimama nje ya mlango, nikapiga hodi. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha mgeni mwenye kigugumizi, na majirani walishaanza kucheka.

"Nani?" Zulfa aliuliza haraka, kama mtu aliyekaa akingoja.

Kigugumizi kikanitoka kichwani chote. Nikamuona mtu mwenye kofia, amesimama pale nilipo, ana neno moja tu la kusema.

"Mimi msafiri," nilisema. "Nimepita kuaga."

Vicheko vikakatika. Nikaogopa kwamba nimeharibu kila kitu. Kisha mlango ukafunguliwa. Zulfa alikuwa analia, ameshika sahani.

"Safari hii sikukatishi," alisema. "Lakini huendi na njaa. Keti, tule, uniambie unakoenda."

Akafinyanga tonge, akanipa. La pili akala mwenyewe.